Namna ya kukaa bila simu hapa Bukavu, na vitu vya kutayarisha mbele haijapotea

Wiki 5 nzima nilikaa bila simu, na sikuwa nimepanga hata kidogo. Waliitoa mu mufuko wa koti yangu pale soko ya Kadutu, ilikuwa jioni, mvua imeanza, kila mutu anakimbilia chini ya mabashi na mimi niko nimekumbatia vitenge vya kliya visilowe, sikusikia kitu, nilifika nyumbani njo nikagusa mufuko nikakuta mutupu. Feza ya kununua ingine haikuwako juu ilikuwa mwezi wa 9, watoto wanarudi masomo, minervali na inifome na makaye vilikuwa vimekula yote. Kwa hiyo watu wakiniuliza kama mutu anaweza kuishi bila simu siku hizi, najibu: anaweza, nimefanya, lakini kuna vitu vyenye lazima uvifanye simu ingali mukononi, na kuna watu wenye lazima wajue fasi na saa ya kukupata. Ukikosa hivyo viwili utateseka sana, sawa vile mimi niliteseka wiki ya kwanza.

Anza na kaye, na uanze leo usingoje kesho. Mimi ni fundi wa kushona, kaye ya vipimo niko nayo tangu nilianza kazi, kifua, kiuno, urefu wa mukono, yote iko pale. Usiku wa ile siku nilifungua ile kaye chini ya torshi na nikaona kitu chenye kilinivunja moyo: nilikuwa najua kama mama mumoja wa Nyawera ana kiuno 86 na bega 40, na kitenge chake kimekwisha kukatwa kiko pale ku meza, lakini namba yake ya simu sina fasi yoyote. Namba zote zilikuwa ndani ya simu. Watu zaidi ya 60 wenye wananipa kazi, na sikuweza kuita hata mumoja.

Basi chukua kaye na biki, andika namba zenye maisha yako inasimama juu yake, si zote, 20 au 30 zinatosha: bibi au bwana, wazazi, bayeri wa nyumba, masomo ya watoto, infirmie wa santri yenu ya afya, jirani wa karibu kabisa, shefu wa avenyu, motari mwenye unamwamini, na wakliya au patro wako. Wengi hapa wako na namba 2 za rezo mbalimbali, andika zote 2. Andika jina lenye hata bibi yako ataelewa, juu mu simu tunaandikaka «Mama kitenge 2» na siku ingine wewe mwenyewe hujui ni nani. Kisha piga *#06# kwa simu yako, itatoka namba ndefu ya tarakimu 15, hiyo njo alama ya simu yenyewe, hata wakibadilisha kadi SIM inabakia ile ile, iandike ku ukurasa wa kwanza, siku utaenda kuleta malalamiko au siku simu itaokotwa hiyo njo itasema ni yako. Kopia ya pili uiandike ku kikaratasi kidogo, ukunje, utie mu saketi ya plastiki ukae nayo pamoja na kadi ya elekta. Plastiki ni lazima, tunajua mvua ya Bukavu.

Namba 3 uzishike kwa kichwa. Na watoto washike moja. Hapa nasema kwa nguvu juu nakumbuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipopasuka ile Jumamosi jioni, watu wa Goma walikimbia usiku, wengine Gisenyi, wengine Sake, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao mu ile msongamano. Siku chache nyuma yake watu wakaambiwa wahame tena, boti zikatuletea ndugu zetu huku Bukavu, na hapo ukiuliza mutoto wa miaka 6 namba ya mama yake alikuwa anakuangalia tu. Mutoto huyo huyo anajua nyimbo 10 kwa kichwa! Mfundishe namba kama wimbo, tarakimu 2, 2, kila siku wakati wa kuoga, kwa wiki moja itaingia. Wa kwangu wa mwisho alishika namba ya mama yake kwa siku 4. Na afundishwe pia jina la avenyu na jina kamili la baba, juu «papa» si jina lenye litasaidia mutu kumutafuta.

Sasa, siku simu imepotea yenyewe. Kitu cha kwanza si kulia wala kuzunguka soko kutafuta mwizi, ni kuomba simu ya mutu umwambie bibi au bwana wako na ndugu wa karibu wasitume feza kwa mutu yeyote. Mimi nilichelewa, nikasema nitafanya asubui. Usiku ule ule dada yangu mudogo wa Goma alipata mesaji ya WhatsApp yenye inatoka ku namba yangu, eti niko hospitali nitumie dola 50 ku hii namba ingine, naye kwa mapendo yake akakimbia ku kabini akatuma. Dola 50 za mutu mwenye anauza fretini ku lisoko. Hii bado inaniuma. Kwa hiyo kubalianeni mu jamaa ulizo moja lenye mwizi hawezi kujua, sisi leo tunauliza koko alikuwa anaita fulani jina gani akiwa mutoto, na kama mutu hajibu, hakuna feza inatoka, hata akisema anakufa. Na ndani ya WhatsApp kuna fasi ya kutia kodi ya tarakimu 6 ya hatua ya pili, itie, inazuia mutu mwenye anataka kufungua konti yako ku simu ingine. Tena weka kodi ku skrini, juu simu yenye haina kodi mwizi anaisoma tu kama gazeti.

Kesho yake asubui uende ku ofisi ya rezo yako na kadi ya elekta ya kweli, si fotokopi, waifunge ile kadi SIM na wakutolee ingine yenye namba ile ile. Wanaweza kukuuliza namba zenye ulikuwa unaita mara kwa mara, hapo ile kaye inafanya kazi. Wengi wanaogopa eti feza yao imeenda na simu. Hapana, feza ya mobile money iko ku namba, haiko ndani ya simu, kama mwizi hana kodi yako ya siri utaikuta. Na huku kwetu hii si kitu kidogo, tangu mabanki yalifunga milango mwanzo wa 2025 ile feza ya ku namba njo banki yenye watu wengi walibakia nayo.

Kisha ile kadi SIM mupya uitie wapi na simu huna? Mimi niliiweka mu kikaratasi cha kaye, na kila siku saa 12 ya jioni jirani yangu, mama mwenye anauza makala, ananipa simu yake ndogo ya mabutoni, natia kadi yangu dakika 10, naangalia feza na mesaji, natoa, namrudishia. Alikataa nimlipe, nikamshonea mutoto wake kaputula. Kama feza inatolewa ku kabini, ile kodi ya siri uiandike wewe mwenyewe na kidole chako, usimwambie mutu wa kabini akuandikie hata kama uko na haraka, na usitumie mwaka wako wa kuzaliwa.

Nafika fasi yenye iko na utamu, nayo ni saa na fasi.

Wazee wetu wenye waliishi mbele ya simu walikuwa na fonii, ile redio ya kuongelea na mutu wa mbali. Vijana hawaijui, basi naeleza. Ukitaka kuongea na mutu wa Shabunda au Kindu, unaenda asubui ku nyumba yenye iko na fonii, unalipa, unamwambia mwenye mashini niitie fulani saa 9. Kule ingine mwenzake anatuma mutoto akimbie kumwita fulani. Saa 9 mumefika wote wawili, unaongea, unasema «avu», unaachia buton, naye anajibu, na watu wote wenye wanangojea ku benchi wanasikia habari za jamaa yenu. Shida, ndiyo. Lakini angalia kitu kimoja, kila mutu alikuwa anajua saa na anaiheshimu, juu ukikosa saa 9 umekosa mpaka kesho. Simu ilitufundisha kusema «nitakuita nikifika», na hapo hakuna mutu anajua ni saa ngapi wala ni wapi.

Basi bila simu unarudisha ile adabu. Usiseme «tuonane Place de l'Indépendance», ile fasi ni kubwa, mutazungukana saa nzima. Sema mbele ya farmasi fulani, upande wa kuteremka, saa 4 kamili. Chagua fasi yenye iko na mutu mwenye anakaa pale kila siku, muuza farmasi, mama wa mandazi, fundi wa viatu, na umsalimie, umwambie jina lako, juu huyo njo atakuwa mesaji yako. Kawaida yetu ilikuwa nusu saa: ukingoja nusu saa mwenzako hajafika, unaacha neno kwa yule mama wa mandazi, «mwambie nimepita, nitarudi kesho saa ile ile», na unaenda kazi zako bila kukasirika. Niliona watu wanafika! Mutu akijua hakuna namna ya kukuita akupe sababu, anatoka nyumbani mapema.

Kwa kazi nilitia kibao ku mulango wa atelie, nimeandika na rangi: kupima ni Siku ya Pili, kutoa nguo ni Siku ya Posho. Ukweli, nilipoteza wakliya 3, walisema hawawezi kupanda mpaka huku juu bila kujua kama nguo imekwisha, na sikuwalaumu, kupanda kutoka Nyawera si mchezo. Wengine walibakia. Mbele walikuwa wananitumia foto za modeli, sasa wakaanza kuleta nguo yenyewe ya dada au ya rafiki, naigeuza ndani, naona mushono vile unapita, na nguo inakaa mwilini mara ya kwanza bila kurudiwa. Hiyo niliipenda kabisa.

Habari za muji unazipata kwa redio ndogo ya batri, Radio Okapi, Radio Maendeleo, na matangazo ya vilio. Kwa mimi kilio kimoja kingenipita kama si matangazo ya mwisho wa misa. Kwa hiyo kaa ibada mpaka mwisho, usitoke mbele ya matangazo. Saa ya mukono unaipata kwa bei ndogo, torshi vilevile, na kuamka asubui utazoea ndani ya siku 3 au 4.

Kuna fasi moja yenye sitadanganya mutu, nayo ni usiku. Mutoto wangu alipata homa kali saa 8 ya usiku, hakuna simu ya kuita motari, nje giza ya delestaji, na mu siku hizi kutembea usiku unajua mwenyewe ni hatari gani. Nilipiga mulango wa jirani yule wa makala, akaamka, akaita motari wake, tukafika santri. Kwa hiyo kama uko bila simu, mbele jua halijazama lazima uwe umekubaliana na jirani mumoja mwenye simu: nikigonga mara 3, fungua. Umwonyeshe ile kaye iko fasi gani. Kama hauna jirani wa namna hiyo, tafuta simu ndogo ya mabutoni hata ya kuazima, usijaribu nguvu na maisha ya watoto.

Na hata kama simu yako iko mukononi leo, rezo yenyewe inaweza kwenda. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, nyuma ya uchaguzi, walikata intaneti na mesaji inchi nzima, ikarudi karibu tarehe 20 mwezi wa kwanza. Wengine hapa waliteremka upande wa Ruzizi kuvuta rezo ya Rwanda. Wenye walikuwa wamezoea kuita kwa sauti tu waliendelea, wenye kazi yao yote ilikuwa ndani ya WhatsApp walikaa.

Wiki ya 6 nilinunua simu ingine, ya okazio. Siku yenye nilitia namba ndani nilizitoa ku kaye, na kaye nikairudisha fasi yake, ndani ya kopo la butoni, chini ya mashini. Kibao cha Siku ya Pili na Siku ya Posho nimekiacha ku mulango. Kila mwezi tarehe 1 naongeza namba za wakliya wapya kando ya kiuno na kifua, na yule mama wa Nyawera mwenye kiuno 86 yuko ku ukurasa wa kwanza.