Jinsi ya Kununua Buli la Kichina au la Kijapani

Mtu anayetaka kununua buli la jadi kutoka China au Japani kwa kawaida huanza kwa kuuliza lipi ni bora, ilhali jibu haliwezi kupatikana kabla hajasema anakunywa chai gani na anainywa na nani. Mabuli haya yalitengenezwa kwa ajili ya majani mazima yanayomiminiwa maji ya moto, yakafunguka taratibu na kutoa ladha yake bila maziwa wala sukari. Chai yetu ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na iliki na tangawizi, haifai kutiwa humo: udongo usio na utando wa kioo una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ukishafyonza mafuta ya maziwa na harufu ya viungo, hauviachii tena. Vivyo hivyo, majani ya Kericho au Mufindi yaliyosagwa kuwa chembe ndogo huziba vichujio vya mabuli haya mara moja. Amua kwanza chai utakayoinywa, kisha ndipo uangalie buli.

Jambo la pili ni ukubwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, nami nilikosea vilevile. Tumezoea buli la kuwatosha watu sita mezani, kwa hiyo buli la mililita 120 huonekana kama kichezeo cha mtoto. Mimi nilinunua la karibu lita moja, nikatia chai ya oolong, iliyo kati ya kijani na nyeusi, na kikombe cha pili kikawa kichungu kwa sababu majani yaliendelea kulowa huku sisi tukiendelea na mazungumzo. Katika utaratibu wa Kichina wa kuandaa chai uitwao gongfu, unaoenziwa hasa mjini Chaozhou na kusini mwa mkoa wa Fujian, gramu 5 hadi 7 za majani hutiwa katika buli la mililita 100 hadi 150, maji hukaa humo kwa sekunde chache tu, yote humiminwa mpaka tone la mwisho, kisha majani yaleyale hutiwa maji tena mara tano, sita au zaidi. Udogo wa buli ndio unaowezesha hayo yote. Kwa chai ya kijani ya Kijapani iitwayo sencha, buli la mililita 200 hadi 350 linawatosha watu wawili au watatu, na kwa gyokuro, chai nyingine ya kijani ya Kijapani, ambayo hunywewa kwa mafunda madogo sana, hata mililita 100 ni nyingi.

Upande wa China, jina utakalokutana nalo kwanza ni Yixing, mji wa mkoa wa Jiangsu ulio magharibi mwa ziwa Tai, ambako mafundi wa Dingshu wamekuwa wakitengeneza mabuli tangu enzi ya Ming. Udongo wao huitwa zisha, maana yake mchanga wa zambarau, ingawa rangi zake ni nyingi: zini huwa ya kahawia au zambarau, duanni huelekea umanjano, na zhuni ni nyekundu. Hutoka ardhini ukiwa mwamba, ukasagwa, ukakandwa na kuhifadhiwa, kisha buli huchomwa bila utando wa kioo kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi. Wazoefu husema kuwa zini yenye kuta nene hutunza joto na kuilainisha chai ya pu'er, ile iliyochachushwa ya Yunnan, na kwamba zhuni, ambayo udongo wake umeshikamana zaidi, hutunza harufu ya oolong. Naamini tofauti hiyo ipo, lakini ni ndogo kuliko ile inayoletwa na majani mazuri na maji safi, kwa hiyo mnunuzi anayeanza hana sababu ya kulipa bei maradufu kwa ajili ya jina la udongo.

Namna buli lilivyofinyangwa ina uzito zaidi katika bei, na ndiyo inayofichwa zaidi na wauzaji. Kwa desturi, fundi wa Yixing haliinui tumbo la buli kwa gurudumu la mfinyanzi. Hulipiga bonge la udongo kwa nyundo ya mbao mpaka liwe bamba, akalikata, akalikunja kuwa duara, kisha akaligonga kwa kibao huku akilizungusha hadi tumbo litokeze, ndipo akaunga mdomo na mkono. Hiyo ndiyo aina ya kwanza. Kwa sababu hiyo, miduara inayoonekana ndani ya buli si ushahidi kwamba limefanywa kwa mkono, ingawa utasikia hivyo mara nyingi. Wako wanaoichora makusudi ili kumridhisha mnunuzi asiyejua. Aina ya pili ni buli lililoumbwa kwa mkono huku likisaidiwa na kalibu. Hiyo ni kazi halali, na mabuli mengi mazuri ya bei ya wastani yametokana nayo. Aina ya tatu humiminwa likiwa uji wa udongo ndani ya kalibu ya plasta. Ni rahisi, yanafanana kabisa, na hayafai kuuzwa kwa bei ya kazi ya fundi. Muulize muuzaji bila kuona haya buli lake ni la aina ipi kati ya hizo tatu. Anayekujibu kwamba kila kilichomo dukani mwake ni kazi ya mkono mtupu, na kwa bei ndogo, mwache.

Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China ilionyesha jinsi baadhi ya watengenezaji walivyokuwa wakichanganya udongo wa kawaida na rangi za kemikali ili ufanane na zisha. Hofu ya wanunuzi tangu wakati huo ina msingi. Rangi inayong'aa kupita kiasi au iliyo sawasawa mno ikutie shaka. Mwaga maji yanayochemka ndani ya buli na juu yake, kisha ulinuse: udongo uliochomwa vizuri hunuka kama ardhi baada ya mvua au haunuki kabisa, ilhali harufu ya rangi, nta au kiwi cha viatu inamaanisha kuwa limepakwa kitu ili lionekane limezeeka. Muhuri ulio kwenye kitako nao si hati ya kuaminiwa. Gu Jingzhou (1915–1996), fundi aliyeheshimiwa kuliko wote wa karne ya ishirini, aliacha kazi zinazouzwa mnadani kwa mamilioni ya yuan, na kwa sababu hiyo hiyo muhuri wake umeigwa mno. Vyeti vya fundi navyo huigwa. Ningependa zaidi mnunuzi achukue kazi nadhifu ya fundi kijana asiye na cheo kuliko kulipia jina ambalo hawezi kulithibitisha.

Yixing haiko peke yake. Chaozhou hutoa mabuli madogo mekundu yanayofinyangwa kwa gurudumu, mepesi na mazuri kwa oolong. Jianshui, katika mkoa wa Yunnan, husugua udongo wake baada ya kuuchoma mpaka ung'ae bila kupakwa chochote. Na kwa yule anayependa kubadili chai kila siku, leo ya kijani, kesho nyeusi, shauri langu ni kauri, hasa ya mji wa Jingdezhen, kwa kuwa haishiki harufu ya chai iliyotangulia. Kauri za Kichina si ngeni kwetu. Vipande vyake vimefukuliwa Kilwa na Gedi, na sahani zake zilipachikwa katika makaburi ya nguzo kule Kunduchi.

Buli la Kijapani lina tabia nyingine. Huitwa kyusu, na lile linalojulikana zaidi lina mkono uliotokeza ubavuni, ukifanya pembe ya kama nyuzi 90 na mdomo, ili mtu aliyeketi amimine kwa kugeuza kifundo cha mkono tu huku kidole gumba kikishika kifuniko. Anayetumia mkono wa kushoto aangalie vizuri, kwa maana mabuli mengi ya aina hii yametengenezwa kwa mkono wa kulia. Ya mashoto yapo, ila lazima uyaulizie. Yapo pia yenye mkono nyuma, yenye mkono juu, na hohin, lisilo na mkono kabisa, ambalo hutumiwa kwa gyokuro kwa kuwa maji yake huwa vuguvugu ya nyuzi 50 au 60 na hayaunguzi vidole.

Tokoname, mji wa mkoa wa Aichi ulio miongoni mwa vituo sita vya kale vya ufinyanzi nchini Japani, ndio unaosifika zaidi kwa kyusu za udongo mwekundu uitwao shudei. Yamada Jozan wa tatu, mfinyanzi wa huko, alitambuliwa na serikali mwaka 1998 kuwa hazina hai ya taifa kwa ajili ya mabuli yake. Yokkaichi, katika mkoa wa Mie, hutoa mabuli ya Banko yenye rangi ya zambarau iliyokolea. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tazama kichujio kabla ya rangi. Sencha iliyopikwa kwa mvuke mwingi ina vumbi jingi, na huhitaji kichujio cha udongo chenye matundu madogo mengi au wavu mpana wa chuma kisichoshika kutu. Mimi huchagua cha udongo, kwa sababu wavu huchakaa na majani hunasa ndani yake.

Mabuli ya chuma cha kusubu kutoka mkoa wa Iwate, yaani Morioka na Oshu, huwachanganya wageni kuliko kitu kingine chochote. Tetsubin ni birika la kuchemshia maji. Ndani yake ni chuma kitupu, huwekwa juu ya moto, na majani hayatiwi humo. Lile dogo la rangi rangi lenye kikapu cha wavu ni buli la chai: ndani limepakwa enameli, na likiwekwa motoni enameli hiyo hupasuka. Kabla ya kulipa, chungulia ndani.

Ukiwa dukani, omba maji. Jaza buli, limimine mara moja bila kusita, na uangalie kama maji yanatoka kwa mkondo mmoja uliotulia na kukatika bila kuchuruzika chini ya mdomo. Buli linalochuruzika leo litachuruzika miaka yote. Ziba tundu la kifuniko kwa kidole huku ukimimina: kifuniko kinachokaa vizuri kitauzuia mkondo au kuupunguza sana. Kisha litazame buli la Kichina kutoka ubavuni, maana katika maumbo mengi ncha ya mdomo, ukingo wa tundu la juu na kilele cha mkono hutakiwa kuwa katika usawa mmoja. Zaidi ya yote, lishike likiwa limejaa, uone kama vidole vinagusa tumbo la moto.

Ukinunua kwa intaneti, omba picha ya ndani, ya kitako na ya kifuniko kikiwa kimetolewa, pamoja na video fupi ya buli likimimina maji. Uliza ujazo kwa mililita, wala usikadirie kwa picha. Uliza pia ushuru wa forodha wa nchi yako kabla ya kulipa, na msisitize muuzaji afunge kifuniko peke yake, kwa sababu katika safari kifuniko ndicho huvunjika kwanza, na cha buli jingine hakitakaa sawa.

Likifika, lisuuze kwa maji ya moto bila sabuni, lijaze maji ya moto mara mbili tatu na kuyamwaga, kisha litenge kwa aina moja ya chai. Kila baada ya kulitumia, toa majani, suuza, na liache likauke likiwa wazi, kifuniko pembeni.