Amboni kwa baiskeli na watoto: kutoka Tanga mjini hadi Mto Mkulumuzi

Kutoka Tanga mjini hadi Mapango ya Amboni ni kama kilomita 8 kwa barabara ya Horohoro, na Mto Mkulumuzi unapita hapo hapo. Kwa mwendo wa mtoto ni saa nzima. Tokeni saa 12 na nusu asubuhi. Masika, Machi hadi Mei, msiende: njia ya vumbi ya kuingilia mapangoni hugeuka tope, tope likajaa madigadi, gurudumu likagoma.

1. Kagua baiskeli jioni ya kuamkia safari. Ukibana breki, gurudumu lisimame kabla mkono wa breki haujagusa usukani. Siti ya mtoto anayeendesha iteremshe mpaka vidole vya miguu yote miwili viguse chini.

2. Mtoto wa kwenye karia. Hapa tafadhali usiharakishe. Ajali inayoumiza watoto wengi si kuanguka, ni kisigino kuingia kwenye spoku. Mtoto husinzia, mguu hulegea, spoku zinaukamata na kuubana kwenye fremu. Kata plastiki ngumu ya galoni, toboa matundu, funga kwa waya kwenye nguzo za karia pande zote mbili bila kugusa gurudumu. Avae viatu vya kufunga, malapa hayafai. Mama aliyevaa baibui alikusanye upande wa kushoto, mnyororo uko kulia. Mguu ukinasa, usiuvute: rudisha gurudumu nyuma taratibu, ikishindikana kata spoku kwa plaizi. Osha kwa maji safi, kisha hospitali, hata kama kidonda ni kidogo, maana mfupa huweza kuwa umepasuka.

3. Barabarani shikeni kushoto, mstari mmoja, watoto katikati ya watu wazima wawili. Mkisikia lori nyuma, tokeni pembeni mkasimame.

4. Pancha. Kwaruza tyubu kwa msasa, paka solusheni, ngoja dakika 5 ikauke, ndipo ubandike kiraka. Ukibandika ikiwa mbichi kitabanduka njiani. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Mwiba uliobaki humo ndio unaoleta pancha ya pili.

5. Mtoni watoto wabaki juu ya ukingo, wasinawe wala kuchota. Chukulieni kwamba kuna mamba. Bebeni maji ya kunywa, lita 1 kwa kila mtu, na muanze kurudi kabla ya saa 4, lami haijawaka.