Kutia maji tindo ya chuma cha W1 bila kuipasua

W1 ni chuma chenye kaboni nyingi, mara nyingi karibu asilimia 1, na vitu vingine kidogo sana. Hakigumu kikipozwa polepole, ndiyo maana kinadai maji. Ugumu nao huingia milimita chache tu toka juu, na moyo wa chuma hubaki laini. Kwa tindo ya milimita 16 hiyo ni faida: ncha inakata, kiwiliwili kinavumilia nyundo.

1. Ukishamaliza kufua, piga tupa na msasa. Ondoa mikwaruzo yote, hasa inayokatisha ncha, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia hapo. Acha ncha unene wa milimita 1 au zaidi. Makali ni kazi ya mwisho.

2. Pasha moto mpaka sumaku isishike, kisha acha ipoe yenyewe hewani. Rudia mara tatu. Hatua hii hurudisha udogo wa chembe za chuma zilizokua wakati wa kufua. Wengi huiruka, wakaja kulaumu maji.

3. Andaa ndoo ya maji ya uvuguvugu mdogo, kama 25°C, ukoroge chumvi kilo 1 kwa kila lita 10. Maji matupu hujenga koti la mvuke juu ya chuma, na pale mvuke ulipong'ang'ania hubaki doa laini. Chumvi hulivunja koti hilo.

4. Pasha sentimita 5 za ncha. Fanyia kivulini, juani rangi inakudanganya. Sumaku huachia karibu 770°C; pandisha kidogo tu, 780 hadi 800°C, joto likae sawa mpaka ndani. Ikifika rangi ya chungwa umepitiliza: usiizamishe, iache ipoe na urudi hatua ya 2. Nyufa nyingi huzaliwa hapa, maji huzidhihirisha tu.

5. Vaa miwani. Izamishe wima, ncha chini, ukiipandisha na kuishusha bila kusimama. Ukiituliza, ufa unaweza kukata mstari ule ule wa uso wa maji. Mlio mkavu wa "tiki" maana yake imepasuka. Itoe ikiwa bado na uvuguvugu, uijaribu kwa tupa: iteleze kama juu ya kioo.

6. Punguza ugumu kidogo papo hapo, usingoje kesho. Chuma kilichotoka majini kinaweza kupasuka kikiwa kimelala mezani. Ng'arisha ncha, pasha kwa nyuma polepole, utazame rangi zikitembea: manjano ya majani makavu (220°C), kahawia (255°C), zambarau (280°C). Zambarau ikigusa ncha, zamisha. Kichwa kiache laini. Kikigumu, kitarusha vipande chini ya nyundo.

Kipande chembamba kuliko milimita 5 kipoze kwa mafuta.

Noa kwa pembe ya nyuzi 60, ukichovya majini kila mara. Ncha ikigeuka buluu kwenye jiwe, ugumu umeondoka hapo. Saga mpaka buluu iishe.