Jinsi ya Kujenga Ushirika wa Kweli Kanisani

Matendo ya Mitume 2:42 inataja mambo manne ambayo waumini wa kwanza wa Yerusalemu walidumu nayo: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Ushirika umewekwa sambamba na sala, kwa hiyo usiuchukulie kuwa ni salamu za mlangoni baada ya ibada.

Anzeni na watu wachache. Katika kundi la watu wanane au kumi ni rahisi kuona kiti kilicho wazi, na asiyefika atafutwe siku hiyo hiyo, kwa simu au kwa kumtembelea, bila kumsuta. Mkikutana, someni Neno, kisha kila mmoja aulizwe jambo moja analotaka aombewe. Liandikeni kwenye daftari pamoja na tarehe, na juma linalofuata mwanze kwa kumuuliza limefikia wapi. Daftari hilo dogo, kwa maoni yangu, hujenga upendo kuliko hotuba nyingi, kwa sababu mtu anayekumbukwa kwa jina na kwa shida yake hujua kwamba alisikilizwa kwa moyo.

Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana dhambi na kuombeana, lakini hilo haliwezekani pasipo kutunza siri. Yaliyosemwa kundini yabaki kundini, isipokuwa pale ambapo uhai au usalama wa mtu umo hatarini.

Mwenye uhitaji asaidiwe kimya kimya. Aliyekosewa na mwenzake amwendee wakiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, kabla habari haijamfikia mtu wa tatu.