Kabla Hujapanda: Mambo ya Kuandaa Ili Ufuatilie Mahindi Yako Msimu Mzima

Mwishoni mwa Januari 2024 mvua ilikatika Zambia, na karibu Februari yote ikapita kavu. Mahindi mengi wakati huo yalikuwa yakitoa mbelewele na ndevu. Tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame huo kuwa janga la taifa, akaeleza kwamba katika hekta milioni 2.2 zilizopandwa mahindi, kama milioni moja zimeharibika. Miezi michache baadaye Zambia ilikuwa ikinunua mahindi Tanzania. Ukavu wa aina hiyo ukiyakuta mahindi yana majani manne tu, mengi hudumaa kisha yakainuka mvua ikirudi, maana mmea mchanga hunywa maji kidogo na kiini chake bado kiko chini ya udongo. Kwenye kutoa ndevu hakuna nafasi ya pili. Ndevu zikikauka kabla ya kupata chavua, punje hazifungi, na mvua ya wiki inayofuata hairudishi kilichopotea.

Naanza na jirani zetu kwa sababu kasoro kubwa ninayoiona huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Rukwa hadi Ruvuma, ni watu kueleza hali ya zao bila kutaja limefikia hatua gani. "Yamekauka" ya Februari ni msiba, "yamekauka" ya mwishoni mwa Mei ni mavuno. Hatua itangulie, hali ifuate, na vyote viandikwe. Ili hilo liwezekane kuna maandalizi ya kufanya Septemba na Oktoba, kwa sababu mvua ikishashika, kila mkono wa nyumbani uko kwenye jembe na hakuna atakayekaa kuchora jedwali.

Jambo la kwanza ni kujua ukubwa halisi wa shamba. Vijijini tunasema ekari ni sabini kwa sabini, na kwa hatua za kawaida za mtu mzima hesabu hiyo haiko mbali na ukweli. Tatizo ni pale sabini hizo zinapogeuzwa kuwa mita. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, ilhali ekari ni 4,047, kwa hiyo umezidisha kwa karibu sehemu moja ya tano. Mbolea uliyonunua kwa ekari moja itakuwa pungufu, na mwisho wa msimu utadhani mbegu imekuangusha kumbe shamba ni kubwa kuliko ulivyodhani. Pima kwa futi kamba, au tembea mpakani ukiwa na simu yenye programu ya kupima eneo, kisha andika namba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari.

Shamba likishapimwa, ligawe kwa macho kabla ya kupanda. Sehemu ya bondeni haifanani na ya mteremkoni, na eneo lililolimwa maharage mwaka jana halifanani na lililolimwa mahindi miaka mitatu mfululizo. Ukipanda mbegu mbili tofauti, au ukipanda nusu wiki hii na nusu baada ya wiki mbili, hayo ni mashamba mawili katika daftari hata kama mpaka hauonekani. Katika kila shamba chagua vituo vitano kwa kupita kama unaandika herufi W, na kila kituo kiwe angalau hatua kumi kutoka pembeni, kwani mahindi ya kando ya njia hupata mwanga zaidi, hukanyagwa na ng'ombe na huokotwa na wapita njia. Chomeka mambo, yaani kigingi, iliyopakwa rangi. Vituo vichaguliwe kabla mahindi hayajaota, na sababu ni kwamba mahindi yakishasimama jicho hukimbilia pale palipopendeza, au pale panapouma roho, na vyote viwili vinadanganya. Kila ukifika piga picha kwenye mambo ileile, ukielekea upande uleule.

Halafu mvua. Kipima mvua cha dukani ni kizuri, lakini kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha, mradi kopo limefungwa juu ya nguzo mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Soma kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwaga maji. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Namba hizi utazihitaji mapema kuliko unavyofikiri, kwa sababu uamuzi wa kwanza mgumu wa msimu ni kupanda, na mvua za kwanza za Novemba zimewadanganya wengi. Kanuni inayotumika sana katika hali ya hewa ya kilimo Afrika inasema msimu umeanza pale zinaponyesha angalau milimita 25 ndani ya siku kumi, zikifuatwa na angalau milimita 20 katika siku ishirini zinazofuata. Sehemu ya pili huwezi kuijua mapema, na hapo ndipo utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na taarifa zake za siku kumi kumi zinapokusaidia. Ila utabiri husemea kanda nzima, kopo lako linasemea shamba lako. Usiache kimoja kwa sababu ya kingine.

Mbegu ipimwe ingali ghalani. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku saba hesabu zilizoota. Chini ya 85 ongeza punje shimoni au, bora zaidi, irudishe dukani ukiwa na risiti. Bila kipimo hiki, ukikuta mapengo mwezi Desemba hutajua kama ni mbegu, ni mchwa, au ni mvua iliyogoma.

Sasa lugha ya daftari. Idara ya Kilimo ya Marekani hutoa kila wiki, kuanzia Aprili hadi Novemba, taarifa inayoonyesha ni asilimia ngapi ya mahindi yamefikia kila hatua, na ni asilimia ngapi yako katika kila moja ya madaraja matano ya hali. Tuige mpango huo, kwa sababu unatenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Madaraja yawe mbaya sana, mbaya, wastani, nzuri na nzuri sana. Mkiwa kikundi au chama cha ushirika, tembeleeni shamba moja pamoja mwanzoni mwa msimu na kubaliana: hili ni wastani, lile ni nzuri. Msipokubaliana mapema, "nzuri" ya mwenye matrekta na "nzuri" ya mwenye nusu ekari hazitajumlishika kamwe.

Hatua nazo zina kipimo chake. Mahindi machanga huhesabiwa kwa majani, na jani huhesabiwa pale tu ukosi wake unapoonekana, yaani ule mstari uliopauka ambapo jani linaachana na shina. Yale yaliyojisokota katikati bado hayana namba. Jifunze kuhesabu hivyo kabla, maana kuhesabu siku tangu kupanda hakutabiri hatua vizuri huku kwetu: mbegu ileile inayotoa ndevu mapema katika joto la bonde la Rukwa huchelewa sana ikipandwa kwenye baridi ya Njombe. Baada ya majani huja mbelewele, kisha ndevu, punje za maji, za maziwa, punje ngumu, na hatimaye doa jeusi kwenye kitako cha punje, alama kwamba mmea umemaliza kulisha hindi. Andika hatua pale nusu ya mimea ya kituo inapoifikia.

Hesabu ya kwanza fanya wiki mbili baada ya kuota. Ukiwa umepanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, pima mita 5.4 kwenye mstari mmoja na uhesabu mimea, kwa kuwa urefu huo ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Mimea 17 maana yake ni 17,000 kwa ekari, na kwa nafasi ya 75 kwa 30 hapo uko pazuri. Kata kamba ya urefu huo sasa hivi na uifunge kwenye daftari. Ukikuta 11, bado kuna muda wa kurudishia mapengo au walau wa kupunguza mbolea ya kukuzia ilingane na mimea iliyopo.

Katika majani sita hadi manane ndipo mbolea ya kukuzia inapofanya kazi yake kubwa, na ndipo macho yanapohitaji mafunzo. Njano inayoanzia ncha ya jani la chini na kushuka katikati kwa umbo la V ni njaa ya naitrojeni. Ukiona kingo za majani ya chini zimeungua, ni potasiamu. Rangi ya zambarau kwenye mimea michanga huashiria upungufu wa fosforasi, ingawa kwenye maeneo ya baridi kama Makete huweza kuletwa na baridi tu na kuondoka joto likipanda, kwa hiyo subiri wiki moja kabla ya kutoa fedha. Mistari myembamba iliyokatikakatika, iliyopauka, kwenye majani mapya ni ugonjwa wa milia, na huo hautibiwi kwa mbolea yoyote. Tafuta picha za dalili hizi mapema, ziweke kwenye simu.

Chagua pia saa ya kukagua, na iwe asubuhi. Mahindi hujikunja saa nane mchana hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, na anayekagua wakati huo ataandika ukame usiokuwepo. Majani yaliyojikunja alfajiri, kabla jua halijachoma, hayo ndiyo yanayolia kiu kwelikweli.

Kuhusu viwavijeshi vamizi nitasema zaidi, kwa sababu maandalizi yake ndiyo yanayoamua kama utavuna. Mdudu huyu aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshaingia Tanzania na Kenya. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na baada ya wiki mbili hivi kiwavi ni mkubwa, amejificha ndani kabisa ya mmea ambako dawa haimfikii. Anayekagua kila baada ya wiki mbili anaweza kukosa kizazi kizima. Kwa hiyo panga mapema nani atakagua, mara mbili kwa wiki tangu kuota hadi majani kumi na mawili, na awe na mbadala siku akiugua au akienda msibani. Katika kila kituo kagua mimea kumi, jumla hamsini. Fungua majani ya katikati, tafuta vinyesi kama unga wa mbao, vijidirisha vyeupe kwenye majani machanga, na kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia.

Mwongozo unaotumika sana kwa wakulima wadogo ni kupuliza dawa pale mimea yenye dalili mpya za kuliwa inapofikia kama asilimia 20 mahindi yakiwa machanga, na kama asilimia 40 yakishavuka majani saba. Kwa hesabu yako ya mimea hamsini hiyo ni kumi, kisha ishirini. Andika namba hizo nyuma ya daftari sasa, ukiwa umetulia, kwa sababu siku utakapoona majani yametobolewa utatamani kupuliza hata kama mimea ni mitatu. Jaribu bomba kwa maji matupu mwezi wa kumi uone kama linavuja, nunua glavu na barakoa, na muulize afisa ugani ni dawa zipi zilizosajiliwa na jinsi ya kuzibadilisha ili mdudu asizoee.

Mahindi yakifika kwenye maziwa unaweza kuanza kukisia mavuno, nayo ni kazi ya ile kamba ya mita 5.4. Hesabu mahindi yaliyobeba vizuri, hesabu punje za hindi moja la wastani, zidisha, kisha gawa kwa 3,200, idadi ya karibu ya punje katika kilo moja. Mahindi 16 yenye punje 400 ni punje 6,400, sawa na kilo 2, na kwa ekari ni kilo 2,000, yaani gunia 20 za kilo mia. Fanya hivyo kwenye vituo vyote vitano uchukue wastani, bila kuruka kile kibaya. Makisio haya ya Machi yatakusaidia kujua unahitaji magunia mangapi na uweke akiba kiasi gani ya chakula kabla ya kukubali bei ya mnunuzi anayekuja mahindi yakiwa bado shambani.

Mwisho ni ukavu wa punje, na hapa naomba sana pasipuuzwe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 iliua 125 mashariki mwa Kenya, kwa mahindi yaliyoliwa majumbani. Doa jeusi linapotokea punje bado ina unyevu wa asilimia 30 au zaidi, na ghalani inatakiwa iingie ikiwa haizidi 13.5. Turubai za kuanikia ziwepo kabla ya Mei, kwani kuanika kwenye udongo mtupu ni kuukaribisha ukungu. Kama kikundi hakina kipimo cha unyevu, tumia chumvi: iweke juani hadi ikauke kabisa, tia kidogo kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi, funga, tikisa, acha itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, yarudishe juani.