Jinsi ya kupima kilti kabla ya kuagiza

Anayenunua kilti ya Kiskoti (vazi la kiume la marinda, mfano wa sketi) kwa mara ya kwanza huandika saizi ya suruali yake, na hapo ndipo anapoharibu. Jinzi hukaa nyongani. Kilti hukaa kiunoni hasa, usawa wa kitovu au juu yake kidogo. Mzunguko wa hapo mara nyingi huizidi namba ya suruali kwa inchi 2 hadi 4, na mwenye kitambi zaidi ya hapo. Tafuta futi ya fundi na mtu wa kukupima, maana ukijipima utainama na vipimo vyote vitahama.

1. Kiuno. Vaa shati jepesi. Futi izunguke usawa wa kitovu bila kupanda wala kushuka mgongoni. Pumua kawaida. Tumbo usilivute ndani, utalirudisha ukishakaa mezani.

2. Makalio. Bana miguu pamoja, mifuko iwe mitupu, pima palipojaa zaidi. Usikichukulie kipimo hiki kirahisi. Kiunoni kuna mikanda na bizimu za kulegeza au kukaza inchi moja au mbili, lakini marinda yameshonwa kuanzia kiunoni hadi makalioni. Kilti ikibana hapo, marinda yanaachama nyuma. Ikipwaya, kitambaa kinafanya mfuko chini ya makalio. Kurekebisha ni kufumua marinda na kuyapanga upya, na kwenye kilti iliyoshonwa kwa yadi 8 za kitambaa cha sufu hiyo ni kazi ya fundi aliyezoea kilti, tena ya gharama. Kama kiuno na makalio yako karibu vinalingana, achana na saizi za S, M na L. Agiza ya kushonewa.

3. Urefu. Simama wima, tazama mbele, upimwe kutoka kiunoni hadi katikati ya goti. Ukitazama chini kuangalia namba, kipimo kinabadilika. Muulize muuzaji kama urefu anaoutaka unahesabu kipande kinachopanda juu ya mkanda wa kiunoni, kwa kawaida kama inchi 2. Usipouliza, kilti itakuja fupi au itafunika magoti.

4. Kujaribu. Marinda yakae nyuma, bapa mbele, yaani vile vipande viwili visivyo na marinda vinavyopandana, kimoja ndani na kimoja juu. Mkanda wa ubapa wa ndani upite kwenye tundu la kushoto na kufungwa hapo. Ubapa wa juu ufungwe kulia. Bizimu zikiingia matundu ya katikati, una nafasi ya kunenepa na kukonda. Sasa piga magoti, mgongo wima: pindo liache sakafu kama inchi moja. Likilala sakafuni, kilti ni ndefu.

Nyuzi za bandi zinazoshikilia marinda chini zitoe baada ya kuridhika tu, kwani duka huenda likakataa kuipokea zikishatolewa. Pini ya pambo la kilti nayo ichomwe ubapa wa juu peke yake. Ikishika bapa zote mbili, kitambaa kitachanika siku utakayokaa vibaya.