Kulinganisha gharama na kipato cha shahada ya kwanza ya masomo ya sheria Marekani

Kabla ya kugusa tarakimu yoyote, tuelewane: nchini Marekani shahada hii haimfanyi mtu wakili. Uwakili kwa kawaida unadai Juris Doctor, shahada ya sheria inayosomwa baada ya ile ya kwanza, yaani miaka 3 mingine ya darasani, na mtihani juu yake. Mei 2023, mshahara wa katikati wa mawakili ulikuwa dola 145,760 kwa mwaka, na wa wasaidizi wa kisheria dola 60,970. Tangazo la chuo likikuonyesha ile ya kwanza, lipuuze.

Hatua ya 1. Fungua lahajedwali. Kila chuo mstari wake.

Hatua ya 2. Ingia College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Tafuta kwa fani, usiishie kwenye ukurasa wa jumla wa chuo, maana kipato cha jumla kimechanganya wahandisi na wauguzi humo humo.

Hatua ya 3. Andika gharama halisi: ada, vitabu, malazi na chakula, ukitoa ruzuku na ufadhili. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ada kubwa iliyotangazwa huenda isilipwe na mtu yeyote unayemfahamu, na chuo cha ada ndogo kinaweza kukuumiza kwenye malazi. College Scorecard huonyesha wastani wa gharama hii kwa mwaka, lakini usichukue ule wa wanafunzi wote. Shuka hadi kwenye kundi la kipato cha familia yako. Kwa vyuo vya umma, tarakimu hiyo ni ya wakazi wa jimbo husika. Ukitoka jimbo jingine haikuhusu, na ukitoka nje ya Marekani haikuhusu kabisa: anza na gharama kamili, kisha utoe ufadhili ulioahidiwa kwa maandishi tu.

Zidisha kwa miaka. Tuseme ni dola 18,000 kwa mwaka: miaka 4 ni 72,000. Ukichelewa mwaka mmoja ni 90,000, na mshahara wa mwaka huo umeukosa pia. Ndiyo maana mimi huweka safu ya asilimia ya wanaohitimu karibu kabisa na safu ya gharama.

Hatua ya 4. Andika kipato cha wahitimu wa fani hiyo. Ni cha katikati: nusu wanapata zaidi, nusu pungufu. Kinahesabu waliopokea msaada wa fedha wa serikali kuu, na waliorudi masomoni hawamo. Programu ikiwa na wahitimu wachache, nafasi huachwa wazi. Usiijaze kwa kukisia.

Hatua ya 5. Chukua deni la katikati la wahitimu wa fani hiyo, kwenye tovuti hiyo hiyo, uligawanye kwa kipato hicho. Jibu likizidi 1, mimi huanza kusita. Mikopo ya binafsi haimo kwenye deni hilo, na ile ya wazazi huonyeshwa kando.

Hatua ya 6. Kama lengo lako ni Juris Doctor, ongeza mstari wa fani nyingine katika chuo hicho hicho, mathalani uchumi au historia. Vyuo vya sheria havidai fani maalumu ya shahada ya kwanza, kwa hiyo linganisha na hiyo pia kabla ya kutuma maombi.